Udongo Uliokuwa na Samaki

Kwenye matanga ya Madame Générose nilikaa juu ya kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka mgongo ukaniuma, nikisikiliza watu wakimgeuza kuwa mtu mpole. Kila aliyesimama alisema marehemu alikuwa mnyenyekevu, marehemu hakuwahi kupaza sauti, marehemu hakujua kubishana. Nilitazama chini nisije nikacheka. Mimi niliishi naye chini ya bati moja, na ninasema kwa heshima yote ninayompa kwamba Madame Générose alikuwa mkaidi kuliko mbuzi, sauti yake ilisikika mpaka lupango la tatu, kwenye kiwanja cha majirani, na kubishana ndicho kilikuwa chakula chake pale chakula kingine kilipokosekana. Mwishowe mama mmoja wa kanisani kwake akasema, "Tena alikuwa anapendaka samaki sana," na watu wakaitikia kwa huzuni, wakidhani alipenda kuwala. Hapo nilishindwa. Nilijifunika kikwembe usoni nikacheka mpaka mabega yakatikisika, na waliokaa karibu wakanipigapiga mgongoni wakiniambia nijikaze. Kilio nacho kilikuwamo humo humo, sitakataa.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa katikati ya vita ya Ituri, wakati Bunia ilipokuwa ikibadilisha wakubwa kama mtu anavyobadilisha shati. Leo hawa wako mjini, kesho wale, na kila waliofika walianza kwa kututangazia kwamba tusiwe na hofu. Nilikuwa nimetoka kwetu kwenye machimbo ya dhahabu kuja kusomea ualimu, nikapanga chumba kwa Madame, mjane aliyekuwa amestaafu kufundisha Kifaransa, katika mtaa wa Shari. Chuo kilifungwa hata sijazoea njia ya kwenda, barabara ya kwetu nayo ikafungwa, nikabaki pale si mpangaji tena wala si ndugu. Mimi Mwislamu, yeye Mkristo wa kwaya. Mimi nilitaka kulala mchana ili njaa ipite, yeye alitaka sakafu ipigwe deki kila siku hata kama risasi zinalia upande wa uwanja wa ndege. Siku ya kwanza tuligombana kuhusu namna ya kukunja pazia.

Sebule yake ilikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vya kudarizi, meza nzito ya mbao, na pembeni, juu ya miguu ya chuma ya cherehani ya zamani, sanduku la kioo lililojaa maji. Fundi mmoja alilitengeneza kwa vioo vya dirisha, na kwenye kona moja lilikuwa likitoka jasho siku zote, hivyo chini yake palikaa kopo. Nilipoingia mara ya kwanza nilidhani ni maua ya plastiki yamewekwa majini. Kisha ua moja likageuka likanitazama. Walikuwa samaki wadogo, urefu wa kidole, na madume yao yalikuwa na ubavu wa buluu ambao kila gamba lake limezungushiwa wekundu, na mkia mwekundu kabisa kama umechovywa kwenye mawese. Majike yalikuwa rangi ya majivu, hayana hata alama moja. Nilimuuliza Madame aliwanunua wapi. Akaniambia samaki wale hawanunuliwi, wanachotwa, na wenyewe wanaishi msimu mmoja tu.

Alinieleza akiwa amesimama, kama aliye mbele ya ubao. Kwao ni kule chini kwenye tambarare, njia ya kushuka Kasenyi, ndani ya vidimbwi vinavyojaa wakati wa mvua. Mvua ikikatika vidimbwi vinakauka mpaka udongo unapasuka, na samaki wote wanakufa, hakuna anayebaki. Lakini kabla ya kufa wanataga ndani ya tope, na mayai yanalala humo, makavu, yakingoja mvua irudi. Kwa hiyo ndani ya sanduku lake la kioo kulikuwa na sahani ya udongo mweusi wa bondeni, aliouchemsha kwanza, na kila baada ya siku kadhaa alikuwa akiitoa, akiweka udongo ndani ya kitambaa na kuukamua mpaka unyevu wake uwe kama wa sombe, majani ya muhogo, iliyokamuliwa, haidondoshi lakini ukiishika unajua kwamba ilikuwa na maji. Kisha aliufunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuuweka kabatini, kati ya mashuka. Baadaye, udongo ukitimiza miezi yake, aliutia maji ya mvua, na samaki walitoka. Nilimwona akifanya hivyo na bado sikuamini. Nilidhani kuna mahali anaponidanganya.

Kilichonikera si samaki, ni chakula chao. Hawakukubali ugali uliovunjwavunjwa wala kitu chochote kisichotembea, basi Madame aliacha ndoo ya maji wazi nyuma ya jiko makusudi, mbu watage, kisha akavua viluwiluwi vyao kwa kichujio cha chai. Wakati ule homa ilikuwa imeua watu wengi kama vita yenyewe, na dawa hakuna. Siku moja nilikuwa naanika nguo nikasikia majirani wawili wakizungumza nyuma ya ua wa matete. "Ule madame anafugaka malaria," mmoja alisema. "Banasema anauzishaka kwa bazungu." Mwenzake akauliza, "Anauzisha nini, mbu?" Yule wa kwanza akajibu, "Hapana, samaki. Sijuwe. Pengine na mbu." Nilimpelekea Madame maneno hayo nikitumaini ataona haya. Akasema mbu wanaoishia ndani ya samaki hawaumi mtu, na kama majirani wanataka wazilete ndoo zao pia atazimaliza.

Tulikula mara moja kwa siku, alasiri, mezani, na kitambaa cha meza kimetandikwa. Mara nyingi ilikuwa ugali wa muhogo na sombe bila mafuta. Madame alikataa tule kwa kusimama au na sahani mapajani, alisema vita imekwisha kutukataza mambo mengi na hili hajaiuliza. Katekista mmoja aliyekuja kumsalimia akakaribishwa mezani, akatazama sombe, akatazama sanduku la kioo, akasema kwa utani, "Madame, na hizi tutazikaanga lini?" Madame aliondoa sahani ya mgeni mbele yake, taratibu, akaipeleka jikoni. Yule bwana wa watu alikaa na mikono mitupu mpaka alipoomba radhi, na hata sahani iliporudi ilikuwa imepungua. Hayo ndiyo waliyokuwa wakiyaita unyenyekevu pale matangani.

Mimi na yeye tuligombana vibaya kuhusu maji. Mifereji ilikuwa imekauka, na njia ya kwenda kisimani ilipita mahali ambapo watu walikuwa wakipigwa risasi kutoka kilimani, hivyo tulikwenda alfajiri tukikimbia, na kila kidumu kilikuwa na woga wake. Niliporudi siku moja nikamkuta anabadilisha maji ya samaki, damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia, "Madame, miye sitakufa ju ya samaki!" Akanitazama juu ya miwani. "Basi usikufe," akasema. "Leta mayi, kisha usikufe." Nilienda chumbani nikafunga mlango kwa kishindo, na nikaapa kwamba barabara ikifunguliwa nitaondoka bila kuaga.

Kilichonibadilisha ni siku ile tuliyolala sakafuni. Mapigano yaliingia mtaani tangu kulipopambazuka, tukajilaza chini ya ile meza nzito, mimi na yeye, vichwa karibu, na hatukuinuka mpaka jua lilipoanza kushuka. Kutoka pale chini macho yangu yalikuwa sawasawa na sanduku la kioo. Kila bomu lilipoanguka maji yalitetemeka na samaki walijificha, na kila lilipopita walirudi kwenye mambo yao. Dume moja lilikuwa likimchezea jike, limefungua mapezi yote, linamsukuma polepole kuelekea sahani ya udongo, linakatizwa na bomu, linaanza upya. Siku nzima. Nilianza kuhesabia uhai wangu kwake: kama likirudi, na mimi nitainuka. Madame akasema bila kugeuka, "Vile vidimbwi vyao haviko tena. Balijengaka kambi juu, bakafukia yote. Watoto nilifundisha, wengi siku hizi sijue iko wapi. Hizi samaki ninajua iko wapi." Tangu siku hiyo nilileta maji bila kununa, na nilikuwa mimi ninayekamua udongo, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa.

Tulikimbia mji ulipobadilika tena mikono, wakati hakuna aliyejua tena yuko upande wa nani machoni pa nani. Watu walikuwa wakipita mbele ya nyumba na magodoro vichwani, kuelekea kusini, njia ya Komanda. Madame alifunga sufuria moja, unga, kikwembe cha kubadilisha na Biblia. Samaki wakubwa aliwamwagia viluwiluwi vyote vya ndoo, akawatazama, akasema wangekufa hata hivyo mwisho wa msimu, na akafunga pazia ili wasionekane kutoka nje. Kisha akatoa kabatini mfuko wa udongo uliokuwa umelala muda mrefu kuliko yote, akauzungushia kitambaa, akajifunga kifuani chini ya blauzi. Nyumba tuliiacha na funguo mlangoni, wasije wakauvunja.

Siku za njia sitazisimulia, kila mtu wa Bunia anazo zake. Nasimulia kizuizi kimoja tu, kabla ya Komanda, kamba iliyofungwa mti huu mpaka mti ule na wanaume wenye bunduki wakipekua watu. Mmoja wao, mtu wa makamo aliyevaa kofia ya sufu juani, alimpapasa Madame akaugusa ule mfuko. Akauvuta. Akaufungua, akachukua kidogo, akakisugua kati ya kidole na kidole, akanusa.

"Hii ni nini?"

"Udongo," Madame akasema.

"Naona udongo. Ya wapi?"

"Ya samaki. Iko na mayai ya samaki ndani."

Wenzake waliangua kicheko. Yule wa kofia hakucheka. "Mama, samaki inatagaka mu mayi. Hii iko kavu. Tena uliifunga ku kifua. Mutu gani anafichaka udongo ku kifua?"

"Miye," Madame akasema.

Moyo wangu ulianguka, maana mimi nilikuwa mtoto wa machimboni na nilijua anachokiona. Kule kwetu mtu akikutwa na udongo kifuani maana yake ni moja tu: ameiba mchanga wenye dhahabu shimoni kwa mtu. Watu wamekatwa mikono kwa mfuko kama ule. Nilitamani Madame aseme uongo wowote, aseme ni dawa ya tumbo, ni udongo wa kaburi la mumewe, lakini yeye alikuwa amesema kweli na alikuwa tayari kuisema tena kwa sauti ya juu zaidi. Yule wa kofia akaagiza karai na maji. Nilielewa papo hapo tutakavyopotea. Kuosha dhahabu ni kuzungusha: kilicho chepesi kinatoka na maji ukingoni, kilicho kizito kinabaki chini. Mayai ni mepesi. Angeyamwaga yote barabarani, chini ya miguu ya watu, akitafuta kitu ambacho hakimo.

Sijui nilipata wapi sauti. "Chef," nilisema, "osha. Lakini osha juu ya sufuria yetu. Kitu itabakia mu karai, yenu. Kitu itamwangika, yetu."

Akanigeukia. "Weye uko mutoto ya machimbo."

"Niko."

"Kumbe takataka nayo iko na kitu."

Basi akaosha juu ya sufuria yetu, kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi ile miaka mingi, na karai likabaki tupu. Akamimina ile takataka ya sufuriani ndani ya karai akaosha tena. Tupu. Mara ya tatu wenzake walianza kumtania, lakini yeye alikuwa amekwisha kuamini kwamba wanawake wawili hawawezi kupigania tope bure. Alituamuru tukae kando ya njia mpaka mkubwa wao afike, na sufuria akaiweka kivulini karibu yake, imejaa maji meusi. Watu wengine walipita. Jua lilitupiga, likatuacha. Madame alifumba macho nikajua anasali, nami nikasali kwangu.

Alasiri yule mtu aliinama kuangalia kama tope limetulia. Akabaki ameinama. "Inatembea," akasema. Wenzake walikuja mbio, wakatazama, wakaruka nyuma. Ndani ya maji kulikuwa na vitu vyembamba kama nyuzi, vinacheza. Mmoja akapiga kelele kwamba ni dawa, hawa bamama iko balozi, yaani wachawi, wamebeba dawa ya upande mwingine, na nikasikia bunduki ikikokiwa. Katika vita ile watu walinyunyiziwa maji ya dawa kabla ya kwenda kupigana, na maji ya mwenzio ndiyo yaliyoogopwa kuliko risasi zake. Nilishika mkono wa Madame, wenyewe ukatoka mkononi mwangu. Alikuwa amesimama.

"Weye," alimwambia yule wa kofia. "Chuchumaa. Angalia muzuri."

Naye akachuchumaa. Mpaka leo sijui kwa nini alichuchumaa.

"Iko na nini ku kichwa?"

Alitazama sana. "Iko na macho."

"Dawa iko na macho?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

"Samaki."

"Sema tena, benzako basikie."

"Samaki, Madame," akasema yule mtu, na neno hilo la mwisho, ambalo wanafunzi humwitia mwalimu wao, lilimtoka lenyewe, kwa kuwa hakuna mtu aliyemwambia jina lake wala kazi yake.

Akatuambia tuondoke kabla mkubwa wao hajafika. Madame alichuja maji polepole kupitia kitambaa, udongo ukabaki upande wetu, akaukamua na kuufunga tena kifuani. Vile vifaranga vya samaki vilibaki ndani ya sufuria. "Hizi zimekwisha kuamuka," alisema, "hatuwezi kuzibeba." Yule wa kofia akauliza zinakula nini. Madame akamweleza, maji ya kijani ya shimoni kwanza, halafu viluwiluwi vya mbu zikikua, na asiziweke juani. Halafu tukaondoka, na sufuria tukaiacha! Sufuria yetu ya pekee, pamoja na mtu aliyekuwa tayari kutuua. Nilimkasirikia mpaka Komanda. Nilimwambia sasa tutapikia nini, mikononi? Tena nilimwambia amebeba udongo mtupu, samaki wamebaki kule. Akanijibu akitembea, pumzi juu juu, kwamba si mayai yote yanayoamka pamoja. Kule kwenye tambarare mvua ya kwanza mara nyingi ni ya uongo, inajaza dimbwi kisha jua linakausha, na waliotoka wote wanakufa. Kwa hiyo kuna mayai yanayokataa maji ya kwanza. Yanaendelea kulala, yakingoja ya pili, au ya tatu. "Ndiyo hizo niko nazo," akasema.

Katika mji wa Oicha, kusini zaidi, tulipewa chumba kimoja nyuma ya duka la mtu mwema, mimi, Madame, na mama mmoja wa Bunia aitwaye Sifa pamoja na watoto wake. Mume wa Mama Sifa alipotea njiani, katika msongamano wa watu, alikuwa mbele na baiskeli kisha hakuonekana tena. Kila lori lililotoka upande wa Komanda Mama Sifa alikwenda kulitazama, akarudi, akaendelea na kazi. Yeye na Madame walikaanga mikate kwenye soko dogo la kando ya barabara, safu nzima ya wanawake waliokimbia kama sisi, kila mmoja na karai lake la mafuta. Sikumbuki ni lini niliacha kumwita Madame nikaanza kumwita Mama. Tulipopata bokali kubwa la kioo lililokuwa la peremende, alitia udongo ndani na maji ya mvua, tukakaa tukitazama. Asubuhi hakuna kitu. Siku iliyofuata hakuna kitu. Ilipokwisha wiki maji yalianza kunuka, na Mama akaniambia, "Basi, Anifa. Imetosha." Akalala akageukia ukuta, na kwa siku nyingi alikuwa akienda sokoni na kurudi kama mtu anayebeba mwili wa mwingine.

Nilikasirika kuliko siku zote za maisha yangu. Sikukimbia kisimani chini ya risasi, sikusimama mbele ya bunduki, ili mtu aje aniambie imetosha! Niliuchuja ule udongo mwenyewe, nikaukamua kama alivyonifundisha, nikauanika kivulini mpaka ukawa kama sombe, nikaufunga na kuuweka chini ya kitanda ambapo watoto wa Sifa hawafiki. Nilingoja mpaka mahindi ya mwenye duka yaliyokuwa mbegu wakati ule yakatoa ndevu. Kisha nikautia maji tena, bila kumwambia mtu. Kesho yake nilipoinama juu ya bokali niliona macho. Walikuwa wachache mno, ungeweza kuwakosa. Nilimwita Mama. Alichukua kichujio cha chai akatoka kwenda kwenye mtaro.

Walikua. Baadhi walikufa, waliobaki walikua, na wote walikuwa rangi ya majivu. Mwanzo hawana tofauti, rangi huja baadaye, na huja kwa madume peke yake. Tulitazama kila siku. Mama Sifa alikuwa akiwaita bibi zetu. "Bibi zako zinaamuka aje?" aliniuliza kila asubuhi, na siku moja akaongeza akicheka kidogo, "Ziko kama siye. Zinangoja bwana." Mama ndiye aliyenieleza jambo nisilotaka kulisikia: majike peke yao watataga, lakini mayai yatakuwa matupu, na baada ya miezi michache wataisha wote, na hapo itakuwa basi kweli, kwa kuwa udongo mwingine hatuna na kidimbwi hakipo. Nilianza kuwatazama mikia kwa hasira. Nilikuwa nikiwaombea rangi katika swala zangu, na kama ni dhambi nitaulizwa.

Halafu mchana mmoja, nikiwa peke yangu chumbani, yule mdogo kuliko wote aligeuka mbele ya mwanga wa mlango, na mkia wake ulikuwa na ukingo mwekundu. Nilisugua macho. Nikangoja ageuke tena. Mwekundu, na ubavuni buluu imeanza kuingia. Nilitoka mbio bila viatu, nikashuka njia yote mpaka sokoni, na nilipouona moshi wa mikate nikaanza kupiga kelele kutoka mbali, kwa sauti yangu yote:

"Mama! Bwana amefika! Bwana amefika!"

Safu nzima iliinua vichwa. Kuna mama aliyesimama na mtoto bado ananyonya. Kuna aliyeanza kutafuta kiatu chake chini ya meza. Mwiko wa Mama Sifa uliingia ndani ya mafuta, na hakuutazama. Alinitazama mimi, na kwa sauti ndogo sana akauliza:

"Bwana ya nani?"

Ndipo niliposikia nilichokuwa nimesema. Wanawake wote walikuwa wakingoja nitaje jina. Mama aliona uso wangu akaelewa. Alijifuta mikono, akamfikia Sifa, akamshika kiganja. "Ya samaki, Sifa," akasema. "Ni dume ya samaki." Mmoja alisonya. Yule wa kiatu alikaa chini polepole. Sifa alibaki amesimama, mkono ndani ya mkono wa Mama, na nilidhani atalia, au atanipiga.

"Alitoka wapi?" akauliza.

"Mu udongo."

"Mu ule udongo balioshaka ku kizuizi?"

"Ule ule."

Sifa aliteremsha karai lake kutoka motoni. "Twende tumuone," akasema. Akatangulia, nasi tukafuata, na nilipogeuka nyuma niliona wengine nao wamefunika mikate yao wanakuja, wakijifuta unga kwenye vikwembe. Chumba hakikutosha. Waliingia kwa zamu, wakainama mbele ya bokali. Yule bwana hakuwa na urefu hata wa nusu ya kidole, lakini alikuwa amekwisha kujua kazi yake: alifungua mapezi yote mbele ya jike mmoja aliyemzidi ukubwa, akamzunguka, akatetemeka. Mama mmoja alicheka, kisha mwingine, kicheko kikatoka mpaka nje kwa waliokuwa bado hawajaona. Sifa alitazama kuliko wote. Mwishowe alisimama, akajifunga kikwembe vizuri kiunoni.

"Alichelewa sana," akasema, "lakini alifika." Kisha akatupita mlangoni akaenda barabarani, kwa kuwa lori la kutoka Komanda lilikuwa limeanza kusikika.